Nani Aliigusa? Rivolva za Kale na Hukumu ya "Usiguse"

Kampuni ya Colt ya Marekani walipoirudisha sokoni Januari 2020 rivolva yao ya Python (rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka), miaka 65 baada ya kuitoa kwa mara ya kwanza na miaka 15 baada ya kuacha kabisa kuitengeneza, wengi waliichukulia kama habari ya biashara tu. Mwaka uliofuata ikarudi rivolva yao nyingine, Anaconda. Mwaka 2024 Smith & Wesson nao wakatoa rivolva ndogo mpya zisizo na kufuli ya ndani, ile ambayo wateja wao hawakuacha kuinung'unikia tangu 2001. Kutokana na hayo, wapenzi wa silaha za kale, hasa Marekani ambako ndiko soko lilipo, wametoa hukumu: kwa kuwa mpya zipo tena, za zamani zisiguswe. Anayetaka mtutu mfupi, kilengeo kinachoonekana vizuri au kifyatulio chepesi akanunue mpya aikate apendavyo. Ile ya 1930 ikae kabatini kama ilivyotoka kiwandani, na fundi atakayeipelekea tupa ahesabiwe mharibifu. Nimeisikia hukumu hiyo kwa wauzaji, kwa wakusanyaji, hata kwa mafundi wenyewe ambao jana tu walikuwa wanaishi kwa kazi hiyo.

Nadhani tukio limesomwa kinyume. Viwanda vimerudisha umbo la rivolva za zamani. Mikono iliyozitengeneza havikuirudisha, na wala havikuwa na nia ya kuirudisha. Tena kipimo cha "imeguswa au haijaguswa" kimeazimwa kwa watu wa stempu na sarafu, kikabandikwa kwenye mashine yenye springi, vidole vya chuma na meno yanayosagana kila inapofyatuliwa. Rivolva yoyote iliyowahi kufanya kazi iliyoundiwa imeshaguswa. Linalofaa kuulizwa ni aliyeigusa ni nani, kama alijua chuma kile kinaweza kubeba nini, na kama aliacha maandishi yoyote ya alichofanya. Kwa maswali hayo matatu, baadhi ya silaha zilizokatwakatwa ni hazina, na baadhi ya zile zinazong'aa kama mpya ni uongo mtupu.

Tuanzie mbali kidogo. Samuel Colt alipata hati yake ya ubunifu Marekani mwaka 1836, na kwa miongo mitatu rivolva zake zilijazwa kama gobore: baruti na risasi kwa mbele, fataki kwa nyuma. Wasomaji waliokulia mikoa ambako gobore bado linajulikana watauelewa mfumo huo bila maelezo. Tofauti ni kwamba hapa chemba ni sita na zinazunguka. Risasi ya kisasa yenye ganda la chuma ilihitaji silinda iliyotobolewa kutoka mwanzo hadi mwisho, na haki ya silinda hiyo ilikuwa mikononi mwa Smith & Wesson kupitia hati ya Rollin White ya 1855. Hati ilipomalizika mwaka 1869, Colt walikuwa wamekaa juu ya rundo la rivolva na vipuri vya mtindo uliokwisha kupitwa. Hawakuvitupa. Mwaka 1871 mhandisi wao Charles Richards, na mwaka uliofuata mwenzake William Mason, walisajili njia za kukata sehemu ya nyuma ya silinda, kuweka bamba la kupokelea risasi mpya, na kuondoa kile chuma cha kushindilia baruti ili nafasi yake ichukuliwe na kijiti cha kusukumia maganda nje. Jeshi la Marekani lilipeleka zaidi ya rivolva 1,000 za muundo wa 1860 zikabadilishwe hivyo. Leo silaha hizo zina wakusanyaji wake maalumu, na sijamsikia hata mmoja akilia kwamba bunduki ya 1860 iliharibiwa mwaka 1871.

Kizazi kilichofuata kilikuwa cha mafundi binafsi, na hapo mambo yalinoga. John Henry FitzGerald, mtu wa Colt mwenyewe, katika miaka ya 1920 alichukua rivolva kubwa za polisi akakata mtutu ukabaki kisiki, akachonga pembe ya nyundo isinase mfukoni, akapunguza mpini, kisha akaondoa upande wa mbele wa ile pete inayolinda kifyatulio ili kidole kipite bila kizuizi. Mimi nisingeitia mfukoni silaha ya namna hiyo hata kwa kulipwa, na fundi makini wa leo atakataa kuikata pete hiyo. Lakini ukipata moja ambayo kumbukumbu za Colt zinathibitisha kuwa ni ya mkono wake, umepata kitu chenye thamani kuliko ndugu yake asiyeguswa. Huko San Francisco, kampuni ya King ilikuwa ikiwafungia walenga shabaha vilengeo vyenye kishanga chekundu na kijioo cha chuma chini yake cha kukimulika. Vilengeo hivyo viliwekwa kwa kukata mtutu wa kiwandani, na leo mtu anayeviona kwenye meza ya mnada hutoa pochi haraka.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho. Mwaka 1925 alipasua rivolva ya Colt ya muundo wa 1873 kwa risasi nzito alizojaza mwenyewe katika kipimo cha .45 (takriban upana wa risasi kwa inchi), sehemu ya juu ya silinda ikaruka pamoja na chuma kinachopita juu yake. Angeweza kulaumu silaha. Badala yake alihesabu: kwenye silinda ya ukubwa uleule, chemba pana huacha kuta nyembamba. Akahamia risasi ya .44 Special, ambayo chemba zake ni nyembamba kidogo na kwa hiyo kuta zake ni nene zaidi. Miaka minne baadaye alitangaza rivolva aliyoiita namba 5, iliyounganishwa na mafundi kadhaa kutokana na Colt ya zamani: fremu iliyofanywa bapa juu ili ipokee kilengeo cha kurekebishwa, mpini uliochanganya miundo miwili ya Colt, na kishikizo imara zaidi cha mhimili wa silinda. Viwanda vilikuja kuyachukua mengi kati ya hayo. Kampuni ya Ruger walipotoa rivolva yao ya Blackhawk mwaka 1955, fremu ilikuwa bapa na kilengeo kilikuwa cha kurekebishwa. Kwa maneno mengine, kiwanda kilisomea kwa fundi.

Sasa upande wa pili, nao una hoja nzito. Wakusanyaji wanasema idadi ya rivolva za kale haiongezeki. Kila inayokatwa imetoka kwenye hesabu moja kwa moja, kwa sababu chuma kilichokerezwa hakirudi. Wanasema pia kwamba alama ndogo ambazo fundi anaziona ni uchafu, kama mhuri wa mkaguzi, rangi iliyochujuka pale askari aliposhika kwa miaka, au skrubu yenye mkwaruzo, ndizo zinazosimulia silaha ilipita wapi. Wana mfano pia. Colt waliacha kutengeneza rivolva yao ya 1873 wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakairudisha 1956 kwa sababu filamu na vipindi vya televisheni vya wachunga ng'ombe vilikuwa vimewasha moto wa wateja. Kati ya miaka hiyo, Colt nyingi halisi za karne ya 19 zilibadilishwa mitutu na silinda ili zitumie risasi za kisasa, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Mpya ziliporudi, na Ruger za bei nafuu zikaingia, fundi alipata pa kufanyia majaribio na za kale zikapumua. Kwa nini yasitokee hayohayo baada ya 2020?

Hoja ya kuharibika ina ushahidi mkubwa zaidi kuliko wanaoitoa wanavyoonyesha, kwa hiyo niwaongezee. Baada ya vita Uingereza iliuza akiba yake ya silaha, na katika miaka ya 1950 na 1960 shehena za Webley, rivolva za jeshi lake, zilifika Marekani. Webley Mark VI, iliyopokewa jeshini mwaka 1915, ilitengenezwa kwa risasi ya .455, pana na ya mwendo wa pole. Risasi hiyo ilikuwa adimu Marekani, lakini .45 ya bastola ya jeshi ilikuwa imejaa kila duka. Wafanyabiashara wakakereza nyuma ya silinda, wakapunguza unene wake kiasi cha kuwezesha risasi za .45 zikae zikiwa zimeshikwa na vibanio vya nusu mwezi, vile vilivyobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa rivolva za jeshi la Marekani. Kazi ya dakika chache kwenye mashine. Shida ni kwamba .455 ilikuwa na shinikizo la karibu pauni 13,000 kwa kila inchi ya mraba, na .45 ya kawaida hufika 21,000. Mnunuzi aliambiwa "inatumia .45", akanunua boksi, akafyatua. Nyingi zilivumilia kwa muda. Nyingine silinda zilipasuka.

Kisa cha Smith & Wesson za vita ni kibaya kwa namna nyingine. Zaidi ya nusu milioni zilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza na washirika wao, kwa risasi fupi ya .38 ambayo ganda lake ni pana kuliko la .38 Special. Baada ya vita zikachimbwa chemba kwa kina zaidi ili ziingize .38 Special iliyo ndefu. Lakini kuchimba kwa kina hakupunguzi upana uliokuwepo. Nyuma ya chemba ikabaki na nafasi ya ziada ya elfu saba za inchi, ganda likifyatuliwa linavimba, mara nyingine linachanika ubavuni, na kwa kuwa mtutu nao ni mpana kidogo, risasi inakwenda inakotaka. Miaka iliyopita, kwenye maonyesho ya silaha, niliiona moja mtutu ukiwa umekatwa na kupakwa kromu kama kijiko cha hoteli. Mimi ni mkereza chuma, si mtaalamu wa silaha, lakini niliomba kuichungulia silinda na mpaka wa chemba ya kwanza na ya pili ulionekana wazi, kama ngazi. Muuzaji alisema ni "kazi ya fundi". Fundi gani, hakujua.

Nina sababu ya kukaa sana kwenye mifano hii. Hasira za wakusanyaji dhidi ya mafundi zimezaliwa hapo, na kwa kweli hazikuwa kazi za mafundi wa rivolva. Zilikuwa kazi za shehena, zikifanywa mia kwa mia na watu ambao hawangeonana na mnunuzi. Nchini Uingereza walau palikuwa na breki: tangu sheria ya 1868, silaha iliyodhoofishwa kwa kubadilishwa haihesabiki tena kuwa imepimwa, na haiuzwi mpaka irudi kwenye nyumba ya upimaji, London au Birmingham, ifyatuliwe kwa risasi nzito za majaribio na kupigwa mhuri upya. Ndiyo maana Smith & Wesson nyingi zilizopitia huko zina maandishi madogo yanayotaja kipimo cha ganda na hata tani za shinikizo lililokusudiwa. Mhuri haugeuzi kazi mbaya kuwa nzuri, ila unamwambia mrithi wa kesho kwamba kuna mtu aliyepima, na alipima nini. Marekani haina sheria ya namna hiyo. Kule mhuri pekee ni jina la fundi, kama aliliandika.

Baada ya kuwapa haki yao, nirudi kwenye hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa sana: kwamba silaha isiyoguswa ndiyo historia ya kweli. Chukua Python ya zamani. Mfumo wake wa ndani ulikuwa wa kizazi kilekile cha Colt za mwanzo wa karne ya 20. Kidole cha chuma kinachozungusha silinda kinaendelea kuisukuma hata baada ya kujifunga, ili isicheze kabisa wakati risasi inatoka. Ndiyo siri ya ule ukazo uliosifiwa, na ndiyo sababu kidole hicho huchakaa. Baada ya risasi nyingi silinda huanza kuchelewa kujipanga na mtutu, na fundi huirekebisha kidole kwa kidole, kwa jiwe la kunolea na subira. Hakuna sehemu mbili zilizolingana kabisa, kwa kuwa kila moja ilisuguliwa ikae na jirani yake. Python iliyotumika na bado inapanga vizuri, uwezekano mkubwa imepitia mkononi mwa mtu baada ya kutoka kiwandani. Isiyowahi kuguswa na mtu ni ile isiyowahi kufyatuliwa, na historia yake ni ya droo.

Uongo mkubwa zaidi unafanyika pale wanapoheshimu sana "uasili". Rivolva iliyochakaa hupelekwa kusuguliwa mashimo ya kutu, ikapigwa upya maandishi yaliyofutika, ikapata rangi za kuvutia zinazotokana na kuchomwa ndani ya mkaa wa mifupa, kisha ikauzwa kimya kama iliyotunzwa vizuri. Kuna warsha zinazofanya ukarabati huo kwa ustadi mkubwa na kwa uwazi, na sizilaumu. Nalaumu soko linalomwadhibu fundi aliyeandika "nimebadilisha mtutu, mwaka fulani, jina langu hili" na kumzawadia aliyeficha. Mtu akitaka kujua kwa nini Fitz za kughushi, yaani rivolva zinazosingiziwa kuwa za mkono wa FitzGerald, zimejaa, jibu liko hapo: msumeno ni rahisi kununua, na bila maandishi ya kiwanda hakuna wa kukubishia.

Pwani tuna mizani nyingine, ingawa si ya bastola. Jambia la babu likibadilishwa mpini na ala, hakuna anayesema si la babu tena. Watu huuliza fundi wa fedha alikuwa nani.

Hoja ya upande wa mafundi iliyo dhaifu nayo niitaje, maana ni ya aibu: "mali yangu, nafanya nitakavyo". Kisheria ni kweli huko Marekani, mradi hujatengeneza kilichokatazwa. Lakini anayesema hivyo hawezi kulalamika mnunuzi akimpa bei ya chuma chakavu. Na kuna nchi ambako hukumu ya usiguse ndiyo sheria, na inastahili. Uingereza, ambako bastola za kawaida zilipigwa marufuku mwaka 1997, rivolva ya kale ya kipimo ambacho risasi zake hazitengenezwi tena inaweza kuwekwa nyumbani kama pambo. Ukiichimba chemba ipokee risasi ya kisasa, umetoka kwenye pambo na kuingia kwenye jela. Mwaka 2021 serikali iliviondoa vipimo saba kwenye orodha ya vile vya mapambo, kikiwemo .44 cha Smith & Wesson cha Kirusi, kwa sababu wahalifu walikuwa wanatengenezewa risasi zake kwa mkono. Hapo sina ubishi na mtu.

Turudi basi kwenye Python mpya. Colt wameibuni upya ndani, kwa sehemu chache, zilizokatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta kwa usahihi unaofanya usuguaji wa mkono usihitajike sana. Ni uamuzi wa busara. Kampuni iliyokuwa mahakamani ikiomba kinga ya kufilisika mwaka 2015 haiwezi kuajiri jeshi la wasuguaji. Lakini vipuri vyake vya ndani haviingii kwenye Python ya 1960. Kwa hiyo kurudi kwake hakumpi mwenye ya zamani hata springi moja, na kunamnyima kitu kingine: kijana ambaye angejifunza kusugua. Ujuzi wa kurekebisha silinda inayochelewa haukufundishwa kwenye silaha za makumbusho. Ulifundishwa kwenye zile za bei rahisi, zilizokwisha chakaa, ambazo mwanafunzi akikosea hasara si kubwa. Ukimzuia fundi asiguse chochote cha kale, baada ya miaka thelathini utakuwa na makabati yaliyojaa rivolva safi ambazo hakuna anayeweza kuzifungua bila kuharibu skrubu.

Na ule mfano wa 1956 unawarudia wenyewe. Ni kweli Ruger ziliziokoa Colt kwa kuwa mahali pa kazi. Kwa miongo mingi fundi aliyetaka rivolva nyepesi ya .44 Special alichukua Blackhawk ndogo ya .357 ya miaka ya mwanzo, akaichimba silinda, akaweka mtutu mwingine. Hizo ndizo zilizokuwa "mpya, ikate upendavyo". Leo nazo ni za kale, bei imepanda, na wakusanyaji walewale wanataka zisiguswe. Mstari wa kukataza unasogea kila miaka arobaini, ukimfuata fundi kokote anakohamia.

Ruger wenyewe, bila falsafa yoyote, waligundua njia ambayo wengine wangepaswa kuiiga. Rivolva zao za zamani, za 1953 hadi 1972, zilikuwa na hatari moja ya mtindo wa Colt: nyundo ikiwa imelala juu ya chemba yenye risasi, pigo la bahati mbaya linaweza kuifyatua, ndiyo maana wenye busara waliweka risasi tano na kuacha chemba moja tupu. Kuanzia 1982 kampuni ikawaambia wenye silaha hizo wazilete zifungiwe mfumo salama bila malipo. Ni badiliko la ndani kabisa, linagusa nyundo, kifyatulio na vingine. Lakini kiwanda kilipomrudishia mtu rivolva yake, kilimrudishia pia vipuri vya zamani vilivyotolewa ndani yake, kwenye mfuko. Siku hizi Ruger ya namna hiyo ikiwekwa mezani, mnunuzi anayejua huitazama, huichezesha nyundo mara moja, kisha huuliza mfuko uko wapi.